Mgonjwa amepona maambukizi, lakini hana hamu: kwa mnaoanza kazi vituoni

Ninyi mnaoanza kazi katika zahanati na vituo vya afya hapa Tanga mtakutana mapema na mgonjwa ambaye vipimo vyake vimekaa sawa ilhali mwenyewe hajakaa sawa. Mama amemaliza dozi ya kifua kikuu, makohozi ni safi na uzito umerudi, ila tangu masika hajakwenda Deep Sea kununua samaki wa kukaanga, na akiulizwa hujibu, "Sina hamu tu, mwanangu." Nawasihi msimwandikie vitamini na kumuaga, kwani huenda ana sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito inayodumu.

Mwili unapopambana na vijidudu, chembe za kinga hutoa sitokini, kemikali ambazo taarifa zake hufika hadi kwenye ubongo na kumfanya mtu ajitenge, achoke na asitamani chakula. Kwa siku chache hali hiyo humsaidia mgonjwa kupumzika. Shida huja inapong'ang'ania. Ushahidi ninaouona kuwa mzito zaidi ni wa wagonjwa wa homa ya ini aina ya C waliotibiwa kwa sindano za intaferoni, ambayo yenyewe ni sitokini: wengi walipatwa na sonona katikati ya matibabu, wakiwemo ambao hawakuwahi kuiugua. Utafiti wa Denmark uliochapishwa mwaka 2013, uliohusisha watu zaidi ya milioni 3, ulionyesha kwamba kuwahi kulazwa kwa sababu ya maambukizi kuliambatana na ongezeko la asilimia 62 la hatari ya kupata baadaye magonjwa ya hisia, sonona ikiwemo.

Kuambatana, hata hivyo, si kusababisha. Mgonjwa wa matende ana mguu unaovimba na kuwaka moto, na pia ana majirani wanaomkwepa. Vyote viwili humuumiza. Dawa ya infliksimabu, inayozuia sitokini mojawapo, ilipojaribiwa Marekani kwa watu 60 wenye sonona sugu, kwa jumla haikuishinda dawa bandia, ingawa waliokuwa na kiwango kikubwa katika damu cha CRP, protini inayopanda kinga ya mwili inapochachamaa, walielekea kupata nafuu. Basi msimpe mtu diklofenaki, dawa ya maumivu na uvimbe, kutibu huzuni.

Mnapotumia PHQ-9, dodoso la maswali tisa la kupima sonona, kumbukeni kuwa uchovu, usingizi na hamu ya kula huvurugwa na maambukizi yenyewe, kwa hiyo sikilizeni zaidi majibu ya maswali mawili ya mwanzo, yanayohusu kukosa raha na kuhuzunika, kisha mrudieni mgonjwa baada ya wiki mbili. Swali la tisa, la kutamani kufa au kujidhuru, ulizeni waziwazi, mlango ukiwa umefungwa na shangazi aliyemsindikiza akiwa nje. Akikiri, asiachwe peke yake. Apelekwe Hospitali ya Bombo siku hiyohiyo, na mmoja wenu aende naye.