Kitambulisho Hakisafiri na CV

Juzi msomaji mmoja kaniandikia. Aliomba kazi kupitia tangazo la mtandaoni, na saa haijaisha akajibiwa kwamba amechaguliwa, ila kwanza atume picha ya kitambulisho mbele na nyuma, selfi akiwa amekishika mkononi, na namba ya akaunti ya benki ili aandaliwe mkataba. Anauliza atume au asubiri.

Asitume hata kimoja. Kazi ambayo hujafanyiwa usaili haina mkataba wa kuandaliwa. Najua mtu aliyetafuta kazi kwa miezi akipata ujumbe wa namna hiyo anaona akichelewa dakika tano nafasi itakwenda kwa mwingine, na anayeutuma anajua hivyo pia.

Taarifa moja peke yake haina nguvu kubwa. Zikikutana ndipo balaa linapoanza. Jina kamili, tarehe ya kuzaliwa, namba ya kitambulisho na jina la mama ni majibu ya maswali ambayo huduma kwa wateja hukuuliza kuhakikisha kwamba ni wewe. Aliye nayo anaweza kudai amepoteza laini, akapewa laini mpya yenye namba yako. Simu yako inakatika mtandao ghafla, na tangu hapo namba za uthibitisho za benki na barua pepe zinaingia kwake. Ile selfi nayo haithibitishi kwamba unaijua kazi. Ndiyo picha ambayo programu za mikopo huomba kabla ya kumfungulia mtu akaunti, kwa hiyo unaweza kudaiwa mkopo ambao hukuuona.

Kwenye CV weka jina, simu, barua pepe na mji unaoishi, basi. Ondoa namba ya kitambulisho, tarehe ya kuzaliwa, mtaa na namba ya nyumba, majina ya wazazi, dini, na saini uliyoiskani. Wadhamini waandikie "watatajwa wakihitajika", kwani namba zao si mali yako ya kugawa kwa kila tangazo. Fungua barua pepe ya kuombea kazi tu, isiyounganishwa na benki. Ukitumia Gmail unaweza pia kuongeza alama ya + na neno lolote kabla ya @, tofauti kwa kila tangazo. Ujumbe utakufikia vilevile, na takataka zikianza kumiminika utajua nani aliiuza anwani yako. Baadhi ya fomu huikataa alama hiyo.

Kitambulisho kina wakati wake: umeshafanyiwa usaili, una barua ya ajira yenye cheo, mshahara na tarehe ya kuanza, na umehakikisha mwajiri yupo. Hata hapo usitume nakala tupu. Andika juu ya picha, kwa herufi zinazokatiza uso na namba: "Kwa ajira ya", jina la kampuni, tarehe, "tu". Maandishi ya pembeni hayasaidii, yanakatwa kwa mkasi wa programu yoyote. Kama hawahitaji namba nzima, acha tarakimu nne za mwisho na ufunike nyingine.

Kufunika ndiko wengi wanakokosea. Kisanduku cheusi ulichochora juu ya maandishi kwenye Word au PDF hakifuti kitu. Mtu anachagua maandishi, ananakili, anabandika kwingine, na namba yako hiyo hapo. Kalamu ya kuangazia kwenye simu nayo ni nyepesi hata ukiipitisha mara tatu: mwangaza wa picha ukipandishwa, tarakimu zinajitokeza. Picha uliyoipunguza ndani ya Word bado imebeba sehemu uliyoikata. Njia ya uhakika ni kufunika kwa umbo jeusi lisilopenyeza, kupiga skrinshoti ya matokeo, kisha kutuma skrinshoti hiyo na si faili la mwanzo. Faida nyingine ni kwamba picha ya kamera huweza kubeba mahali ilipopigwa, yaani nyumbani kwako, lakini skrinshoti haibebi.

Kumhakiki mwajiri, anza na kilicho baada ya @ kwenye barua pepe yake, ukikisoma herufi kwa herufi. Herufi r na n zikikaa pamoja huonekana kama m, na tarakimu 1 hujifanya l. Kisha piga simu kwa namba uliyoitafuta mwenyewe, kamwe si iliyo ndani ya ujumbe, uulize kama nafasi hiyo ipo. Usione aibu. Ofisi ya kweli huulizwa hivyo kila siku.

Benki ni baada ya kusaini mkataba. Anayelipa mshahara anahitaji jina la akaunti, namba yake, benki na tawi. Hahitaji namba ya kadi, tarakimu tatu za nyuma yake, namba ya siri wala nenosiri. Na ukiambiwa "tumekutumia tarakimu sita za kuthibitisha maombi yako, tusomee", hizo mara nyingi ni za kuiteka WhatsApp au barua pepe yako. Hakuna usaili unaopita hapo.

Kama umeshatuma, fuata mpangilio huu leo hii. Badili nenosiri la barua pepe, ondoa vifaa vyote usivyovijua, na washa uthibitisho wa hatua mbili, kwa sababu nenosiri la akaunti nyingine nyingi hurudishwa kupitia barua pepe. Piga kampuni ya simu uulize kinga ya kubadilishiwa laini. Iarifu benki. Toa taarifa polisi na uhifadhi namba ya taarifa hiyo, maana mkopo ukijitokeza baadaye ndiyo itakayoonyesha kwamba ulilalamika mapema. Tunza mazungumzo yote, usiyafute kwa hasira. Mwisho wapigie wadhamini wako, kama namba zao zilikuwa kwenye CV: waambie mtu akiwapigia akisema amekupa kazi na anahitaji ada ya vipimo au ya sare, wasitume chochote mpaka wasikie sauti yako.