Viboga vinatobolewa kila siku? Kabla hujamlaumu kindi soma hapa

Pole mkuu. Umesema viboga vikifika saizi ya ngumi tu unavikuta vimetobolewa ubavuni, vingine vimebaki nusu, na pilipili uliyopulizia haijasaidia kitu. Mimi msimu wangu wa kwanza nilipanda mashina sita nikavuna maboga mawili, tena moja lina shimo, kwahiyo nakuelewa kabisa.

Kosa langu lilikuwa kumhukumu mtu bila ushahidi. Kulikuwa na kindi anapita juu ya ukuta kila asubuhi mkia juu kama bosi, basi kila kiboga kikiliwa ni yeye, nikamtegea mtego wiki mbili hajanasa hata siku moja na maboga bado yanaliwa. Siku moja nikachekecha majivu nikayamwaga kuzunguka viboga viwili jioni, asubuhi nakuta nyayo ndogo ndogo zimejaa na katikati mstari wa mkia uliokuwa unaburuzwa. Panya bwana! Kindi wa watu kumbe alikuwa anajipitia zake tu (sawa, baadae na yeye alikula, ila sio kwa kiwango kile).

Sasa usihangaike na alama za meno, kindi na panya wote wana yale meno mawili ya mbele na michirizi yao inafanana sana, mimi siwezi kuitofautisha mpaka leo. Angalia muda. Pita shamba jioni giza likianza kuingia, hesabu viboga, pita tena alfajiri kabla jua halijatoka. Kama vimeliwa hapo katikati sio kindi, kindi usiku kalala. Vikiliwa mchana ndio umtafute yeye au tumbili au ndege. Nungunungu utamjua tu, anakula kwa vipande vikubwa, anafukua, na akijisahau anakuachia mwiba. Tumbili ndio anauma roho kuliko wote, anachuma, anang'ata mara moja, anatupa, anachuma kingine. Konokono anakwangua juu juu na anaacha ute unaong'aa.

Na kuna viboga ambavyo havijaliwa na mnyama yeyote. Kama kimeanza kuwa njano kikanyauka chenyewe siku chache baada ya ua kufunga, hilo ua halikupata chavua. Kama kina kitobo kidogo kama cha sindano kinachotoa utomvu na ukipasua unakuta funza, huyo ni nzi wa matunda, hata ujenge ngome ya waya haikusaidii maana yeye kashataga mapema.

Haya, pilipili. Inafanya kazi kwa wanyama wanaonyonyesha, wanausikia ule ukali, ndege hausikii kabisa. Tatizo ni mvua au ukimwagilia kwa juu inaoshwa yote unarudi kupulizia upya, na usipulizie kwenye maua nyuki wanapita hapo. Nywele za saluni, vipande vya sabuni, sidii za kuning'iniza, sanamu la mtu, vyote nimejaribu na vyote vilifanya kazi siku nne tano hivi halafu wakazoea. Kindi nilimkuta kakaa begani kwa sanamu langu.

Kilichonitoa mimi ni kuacha kufukuza mnyama na kuanza kufunika tunda. Sio shamba zima, tunda moja moja, maana kwenye shina moja unabaki na maboga mawili matatu ya maana tu, hayo ndio ya kulinda. Natumia wavu wa waya mgumu, matundu yasizidi milimita 13, na kama una vile vipanya vidogo tafuta wa milimita 6. Wavu wa plastiki usipoteze hela yako wanautafuna. Unakunja kama kikapu chenye kitako pia, kwasababu panya anachimba anatokea chini, unaweka kiboga ndani, unaacha upenyo mdogo wa kikonyo kupita, unafunga na waya mwembamba. Majani yabaki nje yapate jua. Tengeneza kikapu kikubwa kuliko unavyodhani, mimi boga langu moja lilinenepa likabana na waya likatoka na michoro kama tairi. Kama huna wavu na tatizo lako ni kindi tu, kreti la plastiki lililogeuzwa na jiwe zito juu linasaidia, ila ndoo usifunikie, hewa haipiti boga linapikika humo na kuoza.

Muda wa kufunika ndio wengi wanakosea. Ukifunika ua jike mapema nyuki hafiki na hupati boga. Ua jike ni lile lenye kiboga kidogo chini yake, linafunguka asubuhi mapema na ikikaribia mchana limeshafunga na ndio basi tena halifunguki. Mimi naamka nachuma ua dume, natoa petali, nalipaka moja kwa moja katikati ya ua jike, kiboga kikianza kunenepa siku chache baadae ndio nakivisha kikapu. Kinakaa humo mpaka ganda liwe gumu, ukilibonyeza na ukucha halitoboki, kwa mengi ni wiki sita mpaka nane. Wanaopenda lile ganda laini wakikutana na gumu wengi wanahamia kwingine, ila nungunungu hajali.

Sumu usiweke jamani. Panya aliyekula sumu analiwa na paka au bundi na hao ndio walikuwa wanakusaidia kazi, achilia mbali watoto wanaochezea hapo. Bora usafishe vichaka pembeni na uokote matunda yaliyooza. Kwa tumbili sina maujanja, hapo ni mtu au mbwa, kikapu atakifungua wakati wewe unamwangalia.

Yale yaliyong'atwa kidogo usiyang'oe haraka. Kama jino halijafika kwenye mbegu na pamekauka, boga linajifunga lenyewe linabaki na kovu gumu. Liinue juu ya kibao lisigusane na udongo wenye maji, lifunike kama mengine. Wakati wa kula kata sehemu ya kovu uitupe, na hilo litangulie kuliwa maana stoo halikai muda.