Pointi za kufungwa pekee hazipimi ulinzi

Timu yetu ya mpira wa kikapu inafungwa wastani wa pointi 78 kwa mchezo, mahasimu wetu wanafungwa 86. Si sisi ndio tunaokaba vizuri zaidi?

Hesabu hiyo ni nusu. Iliyobaki ni idadi ya mashambulizi ambayo kila timu inakabiliana nayo. Tuite "zamu" kipindi chote ambacho timu moja ina mpira, tangu inaupata mpaka unahamia upande wa pili. Tuseme ninyi mnatembeza mpira taratibu mpaka saa ya sekunde 24, muda wa mwisho wa kutupa, inakaribia kuisha, na michezo yenu ina zamu 68 kila upande. Pointi 78 kwa zamu 68 ni sawa na 114.7 kwa kila zamu 100. Mahasimu wenu wanakimbia, wana zamu 80, kwa hiyo wanafungwa 107.5 kwa zamu 100. Wao ndio wanaokaba vizuri. Ninyi mnafungwa pointi chache kwa sababu mnashambuliwa mara chache.

Zamu nazihesabuje wakati nina karatasi ya takwimu tu?

Chukua takwimu za wapinzani. Mitupo yote ya uwanjani, iliyoingia na iliyokosa, jumlisha na mitupo huru (ile ya baada ya faulo) uliyozidisha kwa 0.44, toa ribaundi za kushambulia (mipira waliyoidaka wenyewe baada ya kukosa), kisha jumlisha mipira waliyopoteza.

Mfano: wapinzani wamefunga pointi 81. Wametupa mara 62, mitupo huru 18, ribaundi za kushambulia 10, wamepoteza mipira 14. Hapo ni 62 + 7.92 − 10 + 14, yaani zamu 73.92. Fanya hivyo hivyo kwa timu yako: mitupo 60, mitupo huru 20, ribaundi za kushambulia 8, mipira iliyopotea 12, jumla 72.8. Mpira hubadilishana mikono, hivyo timu mbili haziwezi kupishana sana. Chukua wastani, 73.36. Gawa 81 kwa 73.36, zidisha kwa 100, unapata 110.4. Tofauti ikizidi zamu tatu au nne, rudi kwenye karatasi, kwa kawaida kuna ribaundi au mpira uliopotea ambao haukuandikwa.

Kosa linaloharibu kazi ya wengi ni kuihesabu ribaundi ya kushambulia kama zamu mpya. Usipozitoa zile 10 za wapinzani, zamu zao zinafika 83.92 na ulinzi wako unasomeka 96.5. Yaani timu iliyoshindwa kuzuia watu chini ya kikapu inapewa sifa kwa udhaifu huohuo! Ribaundi ya kushambulia huendeleza zamu ileile, na mlinzi hajamaliza kazi mpaka mpira uwe mikononi mwake.

Kwa nini 0.44 na si nusu? Mitupo huru huja miwili miwili.

Si yote. Anayefunga huku akifanyiwa faulo hupewa mtupo mmoja wa nyongeza, na zamu yake tayari imehesabiwa kwenye mtupo wa uwanjani. Mtupo wa faulo ya kiufundi, kama ya utovu wa nidhamu, nao haumalizi zamu. Hiyo ndiyo inayoishusha nusu mpaka 0.44. Ni makadirio: ukiwa na video, hesabu zamu moja moja.

Kwa hiyo tukigawa kwa zamu, kasi haina athari tena?

Ina athari, na hapa ndipo tunaomba makocha watulie. Kugawa kwa zamu kunasawazisha idadi ya zamu. Ubora wa zamu hakuugusi. Zamu inayoanza kwa mpira ulioporwa katikati ya uwanja, washambuliaji watatu dhidi ya mlinzi mmoja, ni rahisi kufunga kuliko ile inayoanza watano wakiwa wamejipanga. Timu inayotupa haraka na kupoteza mipira ovyo inajitengenezea zamu ngumu za kukaba.

Denver Nuggets ya kocha Paul Westhead, msimu wa 1990–91, ilifungwa wastani wa pointi 130.8 kwa mchezo, rekodi ya NBA, ligi ya kulipwa ya Marekani. Kasi ilichangia sana, lakini hata kwa zamu 100 ulinzi wao ulikuwa mkiani mwa ligi. Walishinda michezo 20, wakapoteza 62.

Tunachoshauri ni kugawa daftari sehemu mbili: zamu ambazo walinzi walikuwa wamesharudi, na zile ambazo walikuta mpira umewatangulia. Sehemu ya pili ikiwa ndiyo inayowaumiza, msianze na mazoezi ya kukaba. Angalieni mnapotezea wapi mpira na nani anabaki nyuma mnapotupa.

Nalinganishaje mchezo ulioingia muda wa ziada?

Pointi kwa zamu 100 haibadiliki, iache. Kasi, yaani idadi ya zamu kwa mchezo, ndiyo irekebishe: zidisha zamu kwa 40, dakika za mchezo wa kawaida, gawa kwa dakika zilizochezwa. Zamu 83 katika dakika 45 ni kasi ya 73.8. Kwa NBA tumia 48 badala ya 40.

Na ribaundi? Tunavuta 24 za ulinzi kwa mchezo.

Nazo hupanda na kasi, na hupanda pia wapinzani wakikosa sana. Tumia asilimia: ribaundi zenu za ulinzi, gawa kwa jumla yake na ribaundi za kushambulia za wapinzani. Mkivuta 24 na wao 10, ni 24 kwa 34, asilimia 70.6. Zile 10 ndizo za kuzitazama kwenye video kwanza: nani alikuwa anamkaba aliyeuchukua mpira, na alisimama wapi mtupo ulipoondoka mkononi.