Mkufunzi mpya Kigoma, weka kwanza chini hiyo kalamu nyekundu

Pole na safari, mdogo wangu. Umepangiwa stadi za mawasiliano, kipindi cha kuandika kwa Kiingereza, kwa sababu wewe ndiye mgeni. Hata mimi nilianza hivyo hivyo. Kila mtu chuoni hulalamika kwamba wanachuo hawajui kuandika, lakini kipindi chenyewe hukimbiwa, maana kina mzigo wa kusahihisha.

Mwaka wangu wa kwanza nilikuwa na wanachuo 126. Niliwapa insha ya kurasa tatu, nikajifungia ndani kuwinda kila kosa: herufi kubwa, nukta, wakati wa kitenzi. Piga hesabu: dakika kumi kwa kila insha ni saa 21, na mimi nilitumia zaidi ya kumi. Nilipowarudishia, kila mmoja alifunua ukurasa wa mwisho, akaona alama, akaikunja. Baadaye nilinunua karanga sokoni Mwanga, nikafungua kile kikaratasi na kukuta mwandiko wangu mwekundu. Nilizila karanga, lakini hazikushuka vizuri.

Kilichonibadilisha ni dagaa. Kijana mmoja kutoka Kibirizi, mtoto wa mvuvi, aliandika kuhusu kazi ya baba yake. Katikati ya insha aliweka sentensi moja ya Kiingereza iliyopinda, maana yake: mwezi ukiwa mkubwa, dagaa hakuna. Nilizungushia kitenzi, nikaendelea. Tulipokutana korido nikamuuliza, bila mpango wowote, "Kwa nini hakuna?" Akanishangaa, kama vile nimeuliza kwa nini maji ni majimaji. Kisha akaeleza. Wavuvi huingia ziwani usiku na taa, zamani karabai, siku hizi nyingi ni za betri. Dagaa hufuata ule mwanga, wakishakusanyika wavu unapandishwa. Ukija mwezi mpevu ziwa lote linang'aa, taa inakosa nguvu, dagaa wanatawanyika. Siku hizo watu hukaa nchi kavu wakishona nyavu na kulipana madeni.

Aliongea dakika tano, kwa mpangilio, chanzo na matokeo yake, na mfano juu. Kwenye karatasi hakuweka hata robo yake. Nikamwambia, kaandike hicho ulichonieleza. Aliyoileta wiki iliyofuata ilikuwa na makosa mengi zaidi ya sarufi kuliko ya kwanza, kwa kuwa sasa alikuwa na jambo la kusema na sentensi zikarefuka. Nilimpa alama zaidi. Mwenzangu mmoja ofisini bado hajanisamehe kwa hilo.

Siku hizi naomba nusu ukurasa tu, kila wiki. Rasimu ya kwanza siipi alama. Naandika swali moja pembeni, au mawili: "Kwa nini?", "Nani alifanya?", "Hapa nimepotea." Wanaiandika upya, ndipo nashika sarufi, na hapo pia nachagua kosa la aina moja kwa wiki.

Kusomeana wawili wawili kunafaa, ila usiwaambie "toeni maoni". Watasema "nzuri sana" wote, kwa heshima na kwa aibu. Mpe msomaji kazi: apige mstari pale alipopotea, na pale alipotamani kusikia zaidi. Basi.

Utakutana pia na mazoea ya sekondari. Insha yoyote itaanza na maana ya neno, itafuata hoja sita hata kama mtu anazo mbili za kweli, mwisho "kwa ujumla" na methali. Usiwacheke, kwa sababu mfumo huo ndio uliowavusha mitihani. Mimi huwaambia wafute aya ya kwanza waone kama kuna kilichopungua. Mara nyingi hakuna.

Kuhusu lugha tunabishana mpaka leo. Kipindi ni cha Kiingereza, na mtihani ni wa Kiingereza. Mimi huwaruhusu kupanga mawazo kwa Kiswahili, wengine hata hunong'onezana Kiha, kisha wanaandika. Wapo wanaosema nawadekeza. Lakini yule kijana wa Kibirizi asingenieleza habari za mwezi kwa Kiingereza pale korido. Angesema "yes madam" akaondoka.

Insha zilizoandikwa na akili mnemba utazijua mwenyewe, zinang'aa na hazina harufu ya samaki. Waandike darasani, kwa kalamu, na kero hiyo itapungua.

Ijumaa baada ya kipindi cha mwisho tunakaa watatu chini ya mwembe nyuma ya bwalo. Kila mmoja anakuja na insha moja iliyomshinda, asijue amwandikie nini mwenye nayo. Njoo na yako. Ile iliyokupendeza iache mezani.