Nyumba yetu mpya imejaa kasoro, mume wangu hazioni

*Shangazi, mwaka jana tulihamia kwetu Kigamboni baada ya kujenga kidogo kidogo kwa miaka 6. Mimi nilikuwa kazini Dodoma natuma hela, mume ndiye aliyesimamia mafundi. Naandika kasoro kwenye daftari, zimefika 31. Nikikaa sebuleni macho yanakwenda kwenye marumaru iliyopinda. Mume anasema tushukuru tumetoka kupanga. Nimechoka kuonekana mtu wa lawama. Nifanyeje?*
*Mwenye Daftari*

Mwanangu, orodha uliyoambatanisha nimeipitia yote, na namba 17 imenishtua. Umeiandika kwa mstari mmoja tu, kati ya swichi iliyofungwa juu chini na rangi iliyochirizika kwenye kioo cha dirisha: bomba la mvua linapiga shoti kidogo ukilishika na mikono yenye maji. Bafuni hakuna shoti ndogo. Zima hita ya maji ya bomba hilo leo kwenye meini swichi, waambie wote nyumbani, na muoge maji ya ndoo mpaka aje fundi umeme mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, siyo yule yule wa mwanzo. Akague kama waya wa ethi, ule wa kupeleka ardhini umeme unaovuja, umefika kweli kwenye hita na kama nondo ya ethi imechimbiwa ardhini huko nje. Aangalie na unene wa waya. Waya wa milimita za mraba 1.5 ni wa taa. Hita inataka mnene zaidi, na njia yake yenyewe kutoka meini swichi.

Sasa tuje kwenye mengine. Namba 9 na namba 22 umezitenganisha, lakini naona ni ugonjwa mmoja. Maji ya bafuni yanakimbilia mlangoni kwa sababu sakafu haikupewa mteremko wa kwenda kwenye tundu, na ukuta wa korido unaobanduka rangi uko nyuma ya bafu hilo hilo. Ukipaka rangi upya utapoteza hela, baada ya miezi michache itabanduka tena. Hapo hakuna njia ya mkato, sakafu ya bafu ivunjwe na kupangwa upya.

Mlango wa watoto unaokwama tangu mvua za Aprili usiuguse kwa sasa. Mbao imevimba kwa unyevu. Ukipigwa randa leo, kiangazi kikija utabaki na mwanya wa kupitisha panya. Subiri ukauke, ndipo upunguzwe kidogo, kisha upakwe rangi hadi ukingo wa juu na wa chini. Mafundi wengi huziacha kingo hizo wazi kwa kuwa hazionekani, na unyevu unaingilia humo humo.

Nyufa nyembamba kama unywele kwenye lipu mara nyingi ni za lipu iliyokaushwa haraka bila kumwagiliwa maji ya kutosha. Hizo zizibe siku ya kupaka rangi. Ila ule unaoteremka mshazari kutoka kona ya dirisha, weka alama ya penseli kwenye ncha zake na uandike tarehe. Ukivuka alama, mwite mtu anayejua misingi.

Yaliyobaki, mwanangu, yanauma macho tu. Sikwambii hayana maana. Mlilipa kazi safi mkalipuliwa, na una haki ya kukasirika. Lakini kuing'oa marumaru moja iliyopinda ni kuhatarisha za pembeni yake, na kupata nyingine ya rangi ile ile baada ya mwaka mzima ni bahati. Mimi ningeiacha.

Kinachonisumbua zaidi ni nyinyi wawili. Mume wako amekesha na mafundi hao miaka 6, kaunguzwa na jua, kagombana nao kuhusu saruji. Ukimsomea daftari anasikia kwamba yote hayo hayakuwa kitu. Naye akisema tushukuru, wewe unasikia kwamba hela uliyojinyima Dodoma haikustahili kazi nzuri. Mtazunguka hapo mpaka lini? Siku moja daftari likiwa limefungwa, mwambie wazi kwamba hutaki abomoe sebule, unataka akubali tu kwamba pale mlilipuliwa. Nadhani hilo ndilo unalolidai kwake tangu mhamie. Na wewe umpe ahsante yake kabla ya kulidai. Sijaiona popote kwenye barua yako.

Shemeji, kama unasoma hapa, kukubali kwamba fundi alilipua kazi si kukubali kwamba wewe ulishindwa.

Kazi ya umeme na ya bafu simamieni wote wawili safari hii. Fundi wa bafu msimmalizie hela ya ufundi mpaka mmwage ndoo nzima ya maji sakafuni mbele yake, na muone yote yamekwenda kwenye tundu.