Mafindofindo ya Mtoto: Hesabu Homa, Kisha Sikiliza Anavyolala

Binti yangu alipokuwa na miaka mitano, mafindofindo yake yalikuwa makubwa kiasi kwamba alipofungua kinywa yalikaribia kugusana katikati ya koo. Katika kituo cha kwanza tulichompeleka tuliambiwa, baada ya kuangaliwa kwa dakika chache, kwamba lazima yakatwe. Jirani yetu, mama mwenye nia njema kabisa, akatushauri twende kwa fundi wa vimeo.

Hilo la fundi nilimalize mapema. Kimeo ni kinyama kinachoning'inia nyuma ya kinywa, wala si mafindofindo, na kukikata hakuponyi kikohozi wala homa. Wapo watoto waliovuja damu hadi kufa na wapo waliopata pepopunda kwa sababu ya wembe huo. Naomba sana, mzazi mwenzangu, usimpeleke mwanao huko.

Daktari bingwa wa masikio, pua na koo alitueleza kwamba ukubwa peke yake si ugonjwa, kwa kuwa mafindofindo ni sehemu ya kinga ya mwili, huwa makubwa katika miaka ya utotoni na aghalabu hupungua mtoto anapokua. Kisha akauliza maswali mawili: ameumwa koo mara ngapi kwa mwaka, na analalaje? La kwanza tulijibu "kila mara", naye akatuambia kwamba hilo halimsaidii kuamua. Madaktari wengi hufikiria upasuaji mtoto anapougua angalau mara 7 katika mwaka mmoja, au mara 5 kila mwaka kwa miaka 2 mfululizo, au mara 3 kila mwaka kwa miaka 3; na kila mara iwe na ushahidi, kama vile homa inayozidi nyuzi 38.3, usaha kooni, au tezi za shingo zilizovimba. Mafua yenye koo kuwasha hayahesabiwi. Tulipopekua kadi zake za kliniki, "kila mara" yetu ikawa mara nne.

Kwa hesabu hiyo hakustahili kukatwa. Hata hivyo kusubiri si kupuuza, hasa katika nchi zetu, ambako koo lililoambukizwa bakteria ya streptokoka lisipotibiwa linaweza kuleta homa ya baridi yabisi inayoharibu vali za moyo. Daktari akisema ni bakteria, dozi ya penisilini ya siku 10 imalizwe yote, hata kama siku ya tatu mtoto ameshaanza kucheza.

Swali la pili ndilo lililoamua. Nilikaa kando ya kitanda chake usiku tatu na kumrekodi kwa simu. Alikoroma kwa nguvu, kisha ukimya ukaingia huku kifua na tumbo vikihangaika bila hewa kupita, halafu akashtuka na kuvuta pumzi kama mtu anayeibuka majini. Alilowa jasho, na alikuwa ameanza tena kukojoa kitandani baada ya kuacha kwa zaidi ya mwaka. Mwalimu wake naye alikuwa amelalamika kwamba anasinzia darasani. Video hiyo ilimweleza daktari mengi kuliko maneno yetu yote, na uchunguzi ukaonyesha kwamba nyama za puani nazo zilikuwa zimekua.

Sisemi kwamba kila anayekoroma apasuliwe. Katika utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2013, watoto 464 wenye umri wa miaka 5 hadi 9, ambao kukatika pumzi kwao hakukuwa kukali sana, walifuatiliwa kwa miezi 7: vipimo vya usingizi vilirudi kawaida kwa asilimia 79 ya waliopasuliwa, lakini pia kwa asilimia 46 ya waliosubiri. Wetu alikatika pumzi kila usiku na uzito wake ulikuwa umesimama, ndiyo maana tulikubali.

Kabla ya upasuaji, mweleze daktari anayetoa dawa ya usingizi kama mtoto ana mafua, jino linalolegea, au kama kuna seli mundu au tatizo la kuvuja damu katika familia. Baada yake maumivu huweza kuendelea hadi wiki mbili, na kazi kubwa ya mzazi ni kumbembeleza mtoto anywe. Hatari ya kuvuja damu ipo katika saa 24 za kwanza, kisha hurudi kati ya siku ya 5 na ya 10 utando wa kidonda unapobanduka; ukiona damu mbichi nenda hospitali mara moja, hata kama imekata. Kwa hiyo siku hizo usisafiri naye mbali. Usimpe aspirini wala dawa yenye kodeini, ambayo imewahi kuua watoto baada ya upasuaji huu.

Mdogo wake sasa ana miaka minne, na mafindofindo yake ni makubwa vilevile. Analala kimya akiwa amefunga mdomo, na daftari lake lina homa mbili tu tangu Januari. Yeye hatujakubali akatwe.