Kwa Nini Muda wa Tiketi ya Lamu Haulingani na Masafa

SWALI: Mhariri, Assalamu alaykum. Mwanangu anayesoma Nairobi atakuja likizo kwa ndege. Katika intaneti nimeona kwamba Nairobi hadi Lamu ni kilomita 450, na ndege yake, nilivyoambiwa, huenda kilomita 500 kwa saa, lakini tiketi inasema saa 1 na dakika 15. Basi nalo huhesabiwa kilomita zaidi ya 800. Nishike ipi?
Msomaji, Langoni, Lamu

JIBU: Waalaykumu ssalam. Hesabu zote ni sahihi, ila kila moja inapima kitu chake. Kilomita 450 ni masafa ya mstari ulionyooka kutoka Nairobi hadi uwanja wa Manda, ilhali basi huteremka kwanza Mombasa, kisha hufuata pwani kupitia Malindi hadi Mokowe.

Kwa kasi uliyoambiwa, kilomita 450 humalizika kwa dakika 54. Hata hivyo, hiyo ni kasi ya ndege iliyokwisha kutulia angani. Muda wa tiketi huanza kuhesabiwa ndege inapoondoka ilipoegeshwa na huisha inapoegeshwa tena, kwa hiyo ndani yake mna foleni ya kungojea ruhusa ya kuruka, mna kupanda na kushuka kwa kasi ndogo, na mna dakika chache za akiba ambazo mashirika hujiwekea ili yasionekane yamechelewa.

Upepo nao una sehemu yake, jambo ambalo watu wa Lamu hawahitaji kufundishwa. Ndege hiyo ikikabiliwa na upepo wa kilomita 50 kwa saa, itasonga kilomita 450 tu kwa saa, na dakika 54 zitakuwa saa nzima. Lakini usiukadirie kwa kusi au kaskazi inayojaza tanga, kwa kuwa upepo wa huko juu mara nyingi huwa na mwelekeo na nguvu nyingine.

Muulize mwanao ndege yenyewe ni ipi na kama itatua njiani. Ndege ndogo ya injini moja, yenye kasi ya kilomita 340 hivi, itahitaji karibu dakika 80 angani. Ikipitia Malindi, masafa yatafika kilomita 550, tena kuna kutua na kuruka upya. Ukienda kumpokea, kumbuka pia kwamba tiketi inaishia Manda, na boti ya kuvuka hadi mjini ina muda wake.

SWALI: Kutoka Mombasa hadi Jeddah ni mbali kiasi gani kwa ndege, na je, nitabadilisha saa yangu nikifika?
Msomaji, Shela, Malindi

JIBU: Ni kilomita 2,850 hivi, karibu kaskazini moja kwa moja, kwani miji hiyo miwili iko kwenye longitudo ya nyuzi 39 na ushei, ndiyo maana vibla vya misikiti yetu ya pwani huelekea kaskazini. Ndege ya jeti isiyotua njiani ingechukua yapata saa 4 kwa kipimo cha tiketi. Saa yako iache ilivyo, maana Kenya na Saudi Arabia hutumia saa moja. Ingekuwa Dubai, ungeisogeza mbele kwa saa 1, na safari ya saa 5 ingeonekana kwenye tiketi kana kwamba ni ya saa 6 kwa anayetazama tu wakati wa kuondoka na wa kufika.